Maswali ya Wasomaji: Kabla Mbunifu Hajafika Kiwanjani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mkoa wa Dodoma, na karibu zote zinahusu madarasa. Tumeziweka kwa kufuata mwendo wa kazi, kuanzia siku mbunifu majengo anapokanyaga kiwanja.

*Kijiji chetu kimetenga ekari 12 kwa ajili ya shule mpya ya msingi. Mbunifu atakuja mwezi wa nane, kwa siku moja tu. Kamati inauliza: tumwandalie nini, ukiacha chakula?*
Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Chamwino

Mwenyekiti, jambo la kwanza ni la kutofanya: msifyeke. Vijiji vingi, kwa nia njema kabisa, husafisha eneo lote ili mgeni akute pamependeza. Wanakata mikwaju na migunga, wakipata katapila ndiyo hatari zaidi, wanakwangua udongo wa juu. Wakimaliza, alama za njia ya maji zimefutika, kivuli kimekwenda, na kiangazi vumbi halina cha kulizuia. Fyekeni vijia vya kupita na mstari wa mipaka, basi.

Karatasi ziwe tayari mezani: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha eneo, majina ya waliokuwa wakilima pale na makubaliano yao, na mchoro wa mipaka. Pigeni vigingi majirani wakiwepo, si baada ya mgeni kuondoka. Kama eneo linapakana na barabara kuu au ya mkoa, hesabuni mita 30 kutoka katikati ya barabara, kwani hiyo ni hifadhi yake kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007. Kama kuna mto au chanzo cha maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Ekari 12 zinaweza kubaki 8 baada ya hesabu hiyo, na ni heri mjue sasa.

Kisha mashimo. Chimbeni matatu pale mnapofikiri madarasa yatakaa, kina cha mita 1.5, upana wa kumtosha mtu kuingia na kutoka. Yakae mita mbili hivi nje ya mstari wa kuta mnaoukusudia, kwa sababu shimo lililofukiwa chini ya msingi ni udhaifu mliojitengenezea wenyewe. La nne chimbeni pale mnapofikiria vyoo. Hilo lingefaa kufika mita 3, ila udongo ukiwa wa kichanga msimshushe mtu humo bila kukinga kingo, maana huporomoka bila kuaga. Udongo unaotoka upangeni kwa mafungu kadiri mnavyoshuka, fungu la nusu mita ya kwanza, la nusu mita ya pili, na kuendelea. Zungushieni miiba kwa ajili ya watoto na mbuzi. Msifukie kitu hadi mbunifu aone, na mkikuta mwamba andikeni mmeukuta kwenye kina gani. Dodoma jiwe linaweza kuwa nusu mita chini huku, na mita ishirini kando yake lisionekane kabisa.

Pimeni mteremko. Mpira wa maji unaopenyeza mwanga, wa mita 20, na fito mbili zenye vipimo vinatosha, kwani maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Umuhimu wake ni huu: jengo la madarasa matatu lina urefu wa mita 28 hivi na upana wa mita 8 hivi. Ardhi ikishuka sentimita 3 kwa kila mita, ncha moja ya jengo itakuwa juu ya nyingine kwa sentimita 84. Hizo ni kozi (mistari) nne za bloku za ziada upande wa chini, na ndani ya msingi mtahitaji kifusi cha mita za ujazo zipatazo 94. Kwa tipa la mita 7 za ujazo ni safari 13 na ushee za kifusi kilichokwisha kushindiliwa. Kwa kuwa kifusi hunywea kikishindiliwa, hesabuni 17. Fedha hiyo haionekani kwenye ramani yoyote, nayo ndiyo huacha boma likisubiri bati.

Mwisho, watu. Mbunifu anayekuja Agosti anaona nchi kavu, na nchi kavu hudanganya. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, nazo hunyesha kwa pupa. Mtafuteni mzee aliyelima pale na mchungaji anayepita na ng'ombe masika, watembee naye wamwonyeshe maji hupita wapi na husimama wapi. Mwiteni mwalimu wa darasa la kwanza, maana kwa kawaida ndiye mwenye msongamano. Kutoka shuleni leteni idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsia. Kutoka zahanati, idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ndio watakaokaa katika madarasa mnayoyapanga leo.

*Halmashauri ina ramani za madarasa zilizokwisha tayarishwa. Mbunifu wa nini tena?*
Mtendaji wa kijiji, Mpwapwa

Ramani hizo ni nzuri na zinapunguza gharama, zitumieni. Zinachoeleza ni chumba: upana, urefu, madirisha, kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Hazijui jua linachwea upande gani wa kiwanja chenu, mwamba uko kina gani, wala maji ya mlimani yatapita mlango wa darasa la ngapi. Mtu wa kuamua hayo anahitajika, awe mbunifu wa kujitegemea au mhandisi wa halmashauri mwenye nafasi ya kukaa kiwanjani nusu siku. Pia shule si darasa moja. Mkishaweka jengo la kwanza vibaya, la pili na la tatu yatalifuata, na miaka kumi baadaye hamtakuwa na mahali pa bwalo wala uwanja wa mpira. Muombeni mchoro wa eneo zima hata kama fedha iliyopo ni ya madarasa mawili.

*Kamati inataka madarasa yatazame barabara ili shule ionekane. Barabara iko magharibi. Mimi naogopa joto, kwani madarasa ya zamani ikifika saa 8 mchana Oktoba watoto wanasinzia. Nani yuko sahihi?*
Mwalimu mkuu, Kongwa

Mwalimu, uko sahihi. Kamati ipewe geti zuri na ubao wa jina la shule pale barabarani, ila ukuta mrefu wenye madirisha usitazame magharibi. Jua la jioni liko chini, linaingia chini ya paa lolote, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Jengo lilale mashariki–magharibi: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zisizo na madirisha zipokee jua la asubuhi na la jioni.

Hesabu yake si ngumu. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita, saa 6 mchana, jua linakaa upande wa kaskazini kwa nyuzi 60 hivi kutoka upeo. Mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, nyuzi 73 hivi. Kwa hiyo upenu wa sentimita 90 upande wa kaskazini hutoa kivuli cha kama mita 1.5 kwenye ukuta saa hiyo, na upande wa kusini sentimita 60 hufikisha karibu mita 2. Pimeni kutoka ukingo wa bati hadi chini ya dirisha mjue kama kivuli kinafika. Mkiweza kujenga baraza la mita 1.5 au zaidi upande wa kaskazini, jengeni. Ni kivuli, ni njia, na mvua ikinyesha ni mahali pa kusubiri.

Madirisha yawe pande zote mbili ndefu. Mwanga wa dirisha ambalo kichwa chake kiko mita 2.4 huingia vizuri kama mita 5, hivyo chumba cha upana wa mita 7 chenye madirisha upande mmoja kitakuwa na safu za giza. Kwa chumba cha mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63, chukueni moja ya tano ya sakafu kuwa madirisha: karibu mita za mraba 12.6, sawa na madirisha saba ya mita 1.5 kwa 1.2. Ubao wa kuandikia ukiwa ukuta wa magharibi, watoto watapata mkono wa kushoto upande wa kusini. Madirisha manne yawe huko, ili kivuli cha mkono unaoandika kisiangukie daftari.

Joto kubwa zaidi, hata hivyo, linatoka juu, kwenye bati. Dari peke yake haitoshi ikiwa hewa iliyo kati ya dari na bati haina pa kutokea. Acheni matundu chini ya upenu na kwenye kuta za ncha, yawekwe wavu mzito, vinginevyo popo watahamia na harufu yao mtaivuta miaka yote. Mbunifu Francis Kéré alifanya jambo hilo kwa njia yake katika shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: dari ya tofali zenye upenyo, na paa la bati limeinuliwa juu yake kwa fremu ya nondo ili upepo upite katikati. Nchi ile ina jua kali kama letu au zaidi. Si lazima kuiga umbo lake. Wazo la kutenganisha bati na chumba lina maana hapa pia. Wagogo walilijua kwa namna nyingine: paa la udongo la tembe halipitishi joto kwa haraka, ndiyo maana mchana ndani yake huwa afadhali.

Neno moja kuhusu upepo. Kwetu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, mkali kuanzia Julai. Ukiingia chini ya upenu mrefu usiofungwa, unanyanyua paa zima. Kenchi ifungwe kwa nondo iliyoachwa ndani ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, tangu zege likiwa bichi. Kupigilia misumari kwenye ubao uliolazwa juu ya ukuta hakutoshi, na mapaa mengi ya shule yanayoezuliwa yana kasoro hiyo hiyo.

*Boma letu la madarasa mawili limepata nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha kabla hata ya kupauliwa. Udongo ni mweusi. Nimeziba mara mbili kwa saruji, zinarudi.*
Fundi ujenzi, Bahi

Fundi, usizibe tena kwanza. Huo ni udongo wa mbuga. Masika hunywa maji ukavimba, kiangazi unakauka ukanywea hadi ardhi inapasuka. Kingo za jengo hulowana na kukauka, lakini katikati, chini ya jamvi la zege la sakafu, unyevu haubadiliki sana. Kwa hiyo kuta za nje hupanda na kushuka na za ndani zinabaki, na mahali dhaifu, yaani kona ya dirisha, panapasuka. Saruji uliyoziba haina nguvu ya kushindana na ardhi.

Anza kwa kujua kama ufa bado unatembea. Weka kibandiko chembamba cha plasta ya ukutani kukatiza ufa, andika tarehe, fanya hivyo sehemu nne. Kikipasuka, kazi bado inaendelea chini. Wakati huo huo ondoa maji karibu na ukuta: jenga ukanda wa zege wenye upana wa mita 1 kuzunguka jengo, uinamie nje, na mfereji wa kupeleka maji mbali. Mti mkubwa ukiwa karibu na ukuta kuliko urefu wake wenyewe, nao unanyonya unyevu upande mmoja. Mwite mhandisi wa halmashauri kabla ya kupaua, maana paa likishakaa marekebisho yanakuwa ghali mara nyingi zaidi.

Kwa wanaoanza: kama udongo mweusi hauzidi mita 1, ondoeni wote chini ya jengo hadi udongo mgumu, mjaze moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Ukizidi hapo, hamisheni jengo, au mhandisi achore msingi maalumu. Kutambua ni rahisi: udongo ukiusokota ukiwa na unyevu, ukatoa uzi mwembamba kama waya usiokatika, una mfinyanzi mwingi. Na kiangazi, nyufa za ardhini zinazomeza kiganja zimekwisha kukuambia yote.

Lenta izunguke jengo lote bila kukatika, juu ya kuta zote, za nje na za ndani. Tuko kando ya Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara. Lenta ya vipande juu ya milango na madirisha pekee haifungi kitu.

*Shule itakuwa na wasichana 190 na wavulana 170. Matundu mangapi ya vyoo, na maji tutayatoa wapi wakati kisima kiko kilomita 3?*
Mjumbe wa kamati ya shule, Chemba

Kiwango kinachotumika nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Kwenu ni matundu 10 na 7, pamoja na sehemu ya kukojolea ya wavulana na vyoo vya walimu vilivyo peke yake. Katika matundu ya wasichana pawepo chumba chenye maji, kishikizo na pipa la taka kwa ajili ya hedhi. Tundu moja kila upande liwe pana na lenye mlango wa sentimita 90, kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, na njia ya kupanda isizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Viwekwe magharibi au kaskazini-magharibi mwa madarasa, upepo uchukue harufu upande wa pili, na visipungue mita 30 kutoka kisima chochote. Jiko la shule nalo lifuate upande huo huo kwa sababu ya moshi, lakini mbali na vyoo.

Maji ya kisima muwaone RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani. Ila msidharau paa. Paa la jengo la madarasa mawili, mita 20 kwa 9, lina mita za mraba 180. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka. Zidisha: 180 mara 0.55, toa moja ya tano inayopotea kwa kuruka na uvukizi, mnabaki na lita elfu 79 hivi. Tatizo ni mahali pa kuzihifadhi. Wanafunzi 360, lita 2 kila mmoja, siku 100 za masomo ya kiangazi, ni lita 72,000. Simtanki ya lita 5,000 inayoonekana kwenye picha nyingi za uzinduzi huisha wiki moja. Kwa kiasi hicho mbunifu apange tangi la kujengwa, la zege au la matofali yenye nondo, na alitengee nafasi kwenye mchoro tangu mwanzo, upande wa chini wa mteremko ambako gata zitashusha maji zenyewe. Lita 180 za kwanza za kila mvua baada ya ukame zimwagwe nje: zina vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshwe au yawekewe dawa.

*Tofali za kuchoma au bloku?*
Diwani, Dodoma Mjini

Inategemea kuni na mchanga vinatoka wapi. Tanuri moja hula miti mingi, na mkoa wetu hauna miti ya kuchezea. Bloku nazo hutaka saruji na maji. Mfuko mmoja wa kilo 50 utoe bloku za inchi sita 25 hadi 30. Fundi akikuambia 45, anakuuzia mchanga. Zimwagiwe maji siku 7, zikiwa kivulini au zimefunikwa, maana upepo wa hapa hukausha bloku kabla saruji haijashika. Mchanga wa korongoni upimwe kwa chupa: weka mchanga nusu, maji, tikisa, acha usiku. Tope likizidi moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine. Msitumie maji yenye chumvi kwenye zege la nondo. Kama hamyanywi, msiyachanganyie zege.

*Marafiki wa shule yetu walio Ulaya wanataka kumleta mbunifu wao, atujengee bure. Tukubali?*
Mkuu wa shule ya sekondari, Kondoa

Mkubali, kwa masharti. Michoro ya ujenzi nchini husainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2010. Mgeni ashirikiane na mbunifu wa hapa tangu siku ya kwanza kiwanjani. Huyo wa hapa asiletewe michoro iliyokamilika akaombwa sahihi. Mgeni mwulizeni mambo matatu kabla ya kumkatia tiketi: kama kila kifaa alichochora kinauzwa Dodoma au Dar es Salaam, fundi wa Kondoa atakirekebishaje kikiharibika, na nani atakagua kazi yeye akiwa kwao. Paa lenye umbo la ajabu linalovuja msimu wa pili ni mzigo wa shule, si wa mfadhili. Awepo pia mkadiriaji majenzi, maana "bure" ni michoro tu. Nondo ni zile zile.

*Mbunifu ameshaondoka. Tuanze msingi lini?*
Katibu wa kamati, Bahi

Subirini mchoro wa eneo, mchoro wa msingi na makadirio ya vifaa. Msiruhusu fundi aanze kwa "alituonyesha pale pale". Msingi mzuri kuchimbwa ni wa Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha na udongo ukiwa bado una unyevu wa kukatika vizuri. Boma Julai hadi Septemba, paa likamilike kabla ya mwisho wa Novemba. Agosti mkianza, fedha yote ikiwepo, mnaweza kuwahi, ila msikose usimamizi wa kumwagilia zege siku 7 katika upepo huo. Dawa ya mchwa imwagwe juu ya kifusi na kwenye mfereji wa msingi kabla ya jamvi, siku isiyo na mvua, na mbao za kenchi ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Kama Desemba itawakuta boma halijapauliwa, simamisheni, funikeni vichwa vya kuta kwa nailoni iliyokandamizwa na bloku, pakeni uji wa saruji nondo zilizochomoza, na saruji iliyobaki irudi stoo, juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.